Nta ya Tata kwenye Matundu ya Amplifaya

Sisi tuliokulia kwenye milima ya Marani tulijifunza kuogopa kwa masikio kabla ya macho. Wingu likiwa bado halijaonekana, ungesikia mlio mzito kutoka upande wa mlima Manga, kama mtu anayevingirisha pipa tupu kwenye sakafu ya jirani. Mchezo ulikufa hapo hapo. Tulikuwa na mteremko wetu wa kuteleza kwa magome ya migomba, matope hadi masikioni, na hata aliyekuwa amengoja zamu yake mchana kutwa aliliacha gome lake akakimbia. Wakubwa walikwenda kukunja mikeka ya maua ya pareto iliyoanikwa uani. Dada yangu Kerubo alifungua mbuzi. Mimi, kitinda mimba mwenye mikono midogo, nilikimbilia nyuma ya stereo.

Stereo hiyo ilikuwa ya Tata. Ndivyo tunavyomwita baba kwetu. Aliinunua kwa mwalimu wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao, na kwa kuwa nguzo za stima zilipita karibu nasi zikielekea kwenye kinu cha kusagia unga, nyumba yetu ikawa ya pekee kijijini yenye muziki mkubwa. Amplifaya ilikuwa nzito, imevikwa mbao, na mbele ina vitufe vya kuzungusha vya rangi ya fedha ambavyo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuvigusa. Juu yake palikaa mashine ya santuri. Spika mbili zilisimama pembeni, kila moja kimo cha ndama, zimefunikwa vitambaa alivyofuma Mama. Jumamosi jioni, tukila ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa, besi ilipita miguuni mwetu kupitia sakafu. Ilikuwa raha, lakini raha ya kukaa wima. Tulisikiliza tukimtazama Tata usoni, na Tata alisikiliza akitazama dirisha.

Alikuwa na sababu. Mzee mmoja wa ng'ambo ya kijito alikuwa na redio yenye antena ndefu iliyofungwa kwenye mti. Radi ilishuka kwa antena ile, ikamuua akiwa anatafuta stesheni. Sisi watoto tulikwenda kuchungulia, ingawa tulikuwa tumekatazwa. Ukuta ulikuwa umepasuka kuanzia darini hadi chini, na nyumba ilinuka kama kwato zilizochomwa. Jioni hiyo Tata alirudi kutoka sokoni na mshumaa. Akaigeuza amplifaya, akadondosha nta kwenye kila tundu la nyuma lililokuwa wazi, moja baada ya jingine, kama mtu anayeziba matundu ya panya ghalani. Aliacha mawili tu, yale yaliyokuwa na nyaya za mashine ya santuri. Akasema mahali palipo wazi ndipo radi huingia, na hakuna aliyembishia.

Tangu siku hiyo ikawa sheria. Ngurumo ya kwanza, Tata anachomoa plagi ukutani. Mimi najipenyeza nyuma, naing'oa kwenye kibanio chake waya ya antena ya redio iliyomo ndani ya amplifaya na kuitupa nje ya dirisha kama mtu anayemtupa nyoka. Mama anafunika kioo kwa leso. Kisha tunakaa wote kwenye kochi moja, taa zimezimwa, hakuna kuzungumza. Hata tochi ilikatazwa. Tata aliongea nasi Ekegusii, lugha yetu, siku zote, lakini amri za mvua alizitoa kwa Kiswahili, kama polisi kwenye kizuizi. "Zima hiyo kitu," alisema, hata kama kitu chenyewe kilikuwa kimeshazimwa.

Miaka imepita. Tata alifariki, mashine ya santuri ikafa baada yake ikaondolewa, na amplifaya ikabaki pale pale chini ya kitambaa. Mimi nilijifundisha kazi ya redio kwa kufungua zilizokufa na kusoma vitabu vilivyochakaa, na sasa natengeneza vyombo vya muziki mjini Nyamira. Mama bado anaishi Marani. Masikio yake yanaziba taratibu. Sauti nyembamba zimekwenda kwanza. Anasikia zaidi zile nzito, na daktari alitueleza bila kuzunguka kwamba hata hizo hazitakaa sana.

Ndipo tulipokumbuka kanda. Kerubo alipokuwa msichana alimrekodi Tata nyumbani kwa redio kaseti ya betri, akifanya mazoezi ya nyimbo za kwaya. Ni sauti yake pekee tuliyobaki nayo. Binti yangu Kemunto aliihamisha kwenye simu, kisha akaenda kumsikilizisha nyanya yake. Mama aliishika simu sikioni muda mrefu, akairudisha. Akasema huyo si mume wake, huyo ni nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Kemunto alicheka, kisha akaona nyanya yake hacheki.

Sauti ya Tata ilikuwa nzito. Kama kulikuwa na njia ya kumfikisha kwa Mama kabla masikio hayajafunga, ilikuwa kupitia spika zile. Lakini chombo kilicholala miaka mingi hakiwashwi hivi hivi. Vipo vipande ndani ambavyo hukauka, na ukivipa stima kwa ghafla hulipuka. Nikiikosea, spika zingeungua na hatungekuwa na nyingine. Kwa hiyo nilikwenda Marani na Kemunto, nikaisafisha, nikaunga balbu kwenye njia ya stima ili ipunguze nguvu, nikawasha nikiwa nimesimama mbali. Balbu iliwaka sana, ikafifia, ikatulia. Nilitoa balbu nikajaribu tena. Taa ndogo ya mbele ikawaka rangi ya machungwa, kama Jumamosi za zamani. Mama, aliyekuwa amekaa mlangoni, alirudisha kiti chake nyuma.

Kemunto alikuwa na waya mkononi, upande mmoja ncha ya simu, upande wa pili ncha mbili, nyekundu na nyeupe. Nilikuwa bado nafunga skrubu alipoichomeka kwenye matundu mawili aliyoyaona wazi na kubonyeza simu. Kilichotoka hakikuwa wimbo. Ulikuwa mngurumo uliotikisa madirisha. Mama alipiga yowe na kujifunika kichwa kwa leso. Nilichomoa plagi kwa pupa, kwa sababu kwa sekunde ile mimi pia sikuwa mtu mzima wala sikuwa fundi. Nilikuwa nyuma ya stereo na waya ya antena mkononi.

Nilimwambia amekosea matundu, naye Kemunto aliapa kwamba hakuna mengine. Nilimulika nyuma. Yalikuwepo, safu nzima, lakini yote yalikuwa na nta, imekuwa nyeusi kwa vumbi. Aliyaona mawili tu kwa sababu Tata aliyaacha mawili tu, na hayo yalikuwa ya santuri. Sauti ya santuri hutoka hafifu mno, kwa hiyo amplifaya huikuza mara nyingi kabla ya kuipeleka mbele. Ukiipitisha simu hapo, inanguruma.

Nilianza kuichokoa nta kwa sindano ya kushonea. Mama aliuliza kwa sauti ya juu nafanya nini, nikamweleza karibu na sikio lake.

"Hiyo nta aliiweka yeye," akasema. "Ukiitoa, nani ataziba?"

"Nitaziba mimi, Mama."

"Baba," Kemunto akaninong'oneza, "radi haijui kama kuna nta."

"Najua. Nyamaza."

Nje mwanga ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu. Mama alitazama dirisha, kisha mlima, kisha mimi. Nilijua anachopima. Akikataa leo, huenda kesho masikio hayapo. Akaleta kiti chake hadi mbele ya spika, akaweka viganja vyote viwili kwenye mbao.

"Weka," akasema.

Niliunganisha kwenye matundu yaliyosafishwa, nikafungua sauti kidogo kidogo. Kulikuwa na mkwaruzo wa kanda, kikohozi, kisha Tata akaimba. Alikuwa ndani ya chumba. Sakafu ilimsikia, miguu yetu ikamsikia. Vidole vyake vilisogea juu ya mbao kama anayetafuta mahali anapojua kuna kidonda.

Katikati ya ubeti pakasikika ngurumo. Niliruka kuelekea ukutani, lakini Kemunto alinishika mkono na kunyoosha kidole kwenye simu. Ilikuwa ndani ya kanda. Ngurumo ya mvua ya zamani, iliyokwishamaliza kunyesha kabla yeye hajazaliwa. Tata akaacha kuimba. Kulisikika viti, mbuzi mmoja, miguu midogo ikikimbia, ambayo bila shaka ni yangu. Kisha sauti yake ikaja karibu kabisa.

"Kerubo. Zima hiyo kitu. Zima."

Kanda ikaisha, na katika ule ukimya Manga ikajibu. Safari hii ilikuwa ya kweli.

Hakuna aliyecheka. Mama aliondoa viganja kwenye spika. "Umesikia baba yako," akaniambia.

Nilichomoa plagi. Kemunto, ambaye hutembea kwenye mvua akiwa na simu sikioni na kutuita watu wa zamani, alikwenda mwenyewe kufunika kioo. Kisha akaja kujibana katikati yetu kwenye kochi. Mvua ya mawe ilipiga mabati kiasi kwamba hata tungeongea tusingesikizana. Radi ilipomulika niliwaona wote wawili wameshikana mikono.

Ilipopungua, Mama aliuliza habari ya nta. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba nta haizuii chochote. Niliwasha mshumaa, nikaziba matundu moja baada ya jingine, isipokuwa mawili ya simu.

Enzi zetu tuliogopa kitu kimoja kwa wakati mmoja, na tulikiogopa tukiwa kwenye kochi moja. Vijana wa leo hawaiogopi radi. Kila mmoja ana muziki wake sikioni na hofu yake ndani ya chumba chake, na mlango umefungwa. Sisemi enzi zetu zilikuwa njema. Mzee wa ng'ambo ya kijito hakuziona hivyo. Nasema tu kwamba siku hizi ngurumo ikilia nikiwa Nyamira, nazima kila kitu dukani, nakaa gizani peke yangu, na nasubiri mtu wa kuniamuru kwa Kiswahili.