Saa Tatu Nilizosahau Kuongeza

Walisema sitaweza. Baba mdogo alitamka mbele ya ukoo mzima, pale Mpemba: "Diploma ya upimaji, tena ya Zambia? Huyu hata njia ya kurudi nyumbani aliulizia." Walicheka. Miaka miwili baadaye nilikuwa na diploma hiyo na kipimio changu cha setilaiti, chombo cha kupimia mipaka, nilichokinunua kwa jasho langu, na hakuna mpima mashamba Songwe nzima aliyelisoma jua kama mimi.

Kulisoma jua ni kazi kweli. Jua likichafuka huitikisa sumaku ya dunia, vipimo vya setilaiti vikayumba, na jiwe la mpaka likakaa hatua mbili pembeni. Utabiri hutolewa kila siku mtandaoni, kwenye jedwali la vipande vya saa tatu tatu. Saa zake si za kwetu; ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Kila asubuhi niliongeza tatu, nikageuza kwa saa za Kiswahili, kisha nikawatumia wapima wenzangu ujumbe: "Jua limetulia, pigeni kazi." Waliniita Bwana Jua. Nililipenda jina hilo kupita kiasi.

Siku moja nilikwenda Isansa alfajiri, kupima mpaka kati ya mjane mmoja na shemeji yake. Watu walikuwa wamejaa. Nikafungua simu, nikasoma kwa sauti ili wanisikie: dhoruba ya jua, tatu mpaka sita.

"Saa tatu hadi saa sita," nikatangaza. "Tumalize kabla haijaanza."

Sikuongeza zile saa tatu, wala sikugeuza. Kwa saa zetu dhoruba ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, na tulikuwa tumesimama ndani yake.

Namba zilicheza kwenye kioo cha kipimio. Nikasema zitatulia. Mjane akatazama jiwe likichimbiwa ndani ya kahawa yake.

"Mwanangu, mpaka wa marehemu ni pale penye mkonge."

"Mama, mkonge hupandwa na mtu. Hiki kipimo kinatoka juu."

"Shemeji, bishana na jua basi!" akadakia shemeji yake. Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka.

Kesho yake nilifungua jedwali, nikaliona kosa palepale. Nikanyamaza. Bwana Jua angeanzia wapi kueleza? Siku ya nne shemeji mtu akakata mstari mzima wa mibuni iliyopandwa na marehemu, ambao jiwe langu liliuweka upande wake.

Habari iliponifikia nilirudi, nikapima upya mbele ya watu walewale. Jiwe likarudi penye mkonge. Nikaeleza yote.

"Ulijua lini?" mjane akauliza.

"Siku ya pili, mama."

"Sasa siku zote hizo ulikuwa unangoja nini?"

Nikaenda kuihesabu mibuni iliyokatwa.

Miche ya kahawa niliikopa kwa majirani zake watatu, nikampandia mstari wake, kisha nikaotesha yangu nyuma ya nyumba ili niwarudishie. Msimu uliofuata niliwalipa wote, mche kwa mche. Wa mwisho aliihesabu, akanishika mkono: "Hatudaiani tena, Bwana Jua."

Nilitamani asiniite hivyo. Ng'ambo ya mkonge mjane alikuwa akivuna. Mibuni yake mingine ilimpita kimo. Ule mstari wangu ulimfika magotini, bado bila punje hata moja, na aliupita bila kuinama.