Mita za Ukuta wa Mama Mkwe

Mke wangu amenikataza kulitaja jambo hili mezani, lakini hapa hatuko mezani, kwa hiyo acha niaibike kabisa nimalize: mimi ndiye niliyeikimbia hoja yangu mwenyewe mbele ya mtaa mzima, tena nikiwa nimevaa suti.

Tunakaa juu ya bonde la Nyabugogo, kwenye mteremko ambao mvua ikinyesha unaianza safari ya kazini umesimama na kuimaliza umekaa. Jiji lilisema litatujengea barabara ya mawe na kutoa sehemu kubwa ya gharama, mradi wenye nyumba za barabara ile wachange iliyobaki, waunde kamati yao, na wakubaliane wenyewe namna ya kugawana mzigo. Basi Jumamosi moja baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, tukabaki pale pale na majembe begani ili tuamue. (Mimi nilikuwa nimezibua mtaro kwa suti tangu asubuhi, maana nilijua nitahutubia.)

Ningekaa kimya, leo ningekuwa na nyumba. Mimi na Jeanne, mke wangu, tunaishi vyumba viwili ndani ya ua wa mama yake, Mama Domitila, na mama huyo alikuwa ametuahidi kipande cha nyuma, penye migomba, tujenge kwetu. Huku mama mkwe anaheshimiwa mpaka unapishana naye umeinamisha macho, na mimi nilitaka siku moja tu anione mtu wa maana. Mchana napakia maboksi kwenye ghala moja Masoro, lakini nilisoma jioni miaka minne nikapata cheti cha maendeleo ya jamii, na cheti hicho kilikuwa kinaniwasha.

Nikanyoosha mkono. Nikasema kuchanga sawa kwa sawa ni uonevu, kila mtu alipe kwa mita za ukuta wake zinazopakana na mradi, mwenye ukuta mrefu ndiye anayefaidi zaidi. Niliongea dakika arobaini (Jeanne anasema nne). Muda wote nilikuwa namtazama Mzee Gatera, jirani yetu mwenye ghorofa ambalo kivuli chake jioni kinafika Uganda.

"Huyu kasoma," akasema mama mmoja. Mama Domitila akatabasamu, na mimi nikarefuka sentimita kumi.

Mudugudu, ndivyo tunavyomwita kiongozi wetu wa mtaa, akasema, "Tutapiga kura, lakini kwanza fundi wa mradi apime, watu wajue wanachagua nini."

Fundi akaanza kwa Gatera. Mita kumi na mbili. Nikadhani kamba imekatika, kumbe kiwanja chake ni chembamba, kimeteremkia nyuma kama ulimi. Akaja kwa Mama Domitila, kumi na tano, nikashusha pumzi, halafu nikamwona anakata kona anaendelea na kichochoro.

"Wewe, unaenda wapi?"

"Kichochoro nacho kimo kwenye ramani," akasema. "Kinawekwa mawe na mtaro."

Ramani yenyewe ilikuwa mfukoni mwangu tangu asubuhi na sikuwa nimeifungua. Fundi akaenda mpaka kwenye migomba, akapaza sauti: hamsini na mbili jumla. Akapima na zilizobaki, hakuna nyumba iliyofika hata nusu ya hapo. Mama Domitila anaishi kwa kodi ya chumba kimoja, na kitu pekee anachoweza kuuza ni kile kipande cha nyuma.

Kura yetu ni ya kupanga mstari. Wanaotaka mita nyuma yangu, wanaotaka sawa kwa sawa nyuma ya Gatera, na aliye mbele haruhusiwi kugeuka. Nikasimama nikitazama ukuta, nikisikia mabuti yanaburuzika, nikimwomba Mungu yaende upande wa pili, nayo yakazidi kuja kwangu. Jasho likaingia kwenye kola. Hapo nikakata shauri: kwani mimi si mkazi, sina kura? Nikaanza kusogea kando, taratibu, kuelekea mkia wa mstari wa Gatera.

Nilipofika nikageuka. Mstari wangu wote ulikuwa umenifuata, watu wa adabu wale, waliona wa mbele anakwenda nao wakaenda, kama mabehewa.

"Sasa tumeshinda au tumehama?" akauliza mtu wa katikati, na mteremko mzima ukacheka.

Gatera hakucheka. "Jirani, kama hoja ni nzuri, mbona umeikimbia?"

Nikasema, "Mzee, mzigo utamwangukia mama mkwe."

"Na ungeniangukia mimi, ingekuwa haki?"

Miaka minne ya jioni, somo hilo halikufundishwa.

Ndipo nikaona aliyekuwa wa kwanza nyuma yangu. Mama Domitila. Alisikia zile hamsini na mbili kama wengine, na bado alipanga mstari kwangu.

"Mkwe, rudi mahali pako," akasema kwa upole. "Umesema vizuri. Nina ukuta mrefu, nitalipa kirefu."

"Mama, ile migomba..."

"Najua iko wapi. Rudi, watu wanachoka."

Nikarudi. Mita zikashinda kwa mbali, na kamati ilipochaguliwa wakanifanya katibu, bila mpinzani, kazi yangu kuzunguka na orodha nikianzia kwa mwenye mita nyingi. Kwa hiyo Jumatatu nilibisha hodi kwenye ua ninaolala mwenyewe. Mama Domitila akanifungulia, akanikaribisha kiti, akauliza, "Mita ngapi, mkwe wangu?" na mimi nikalazimika kumsomea.

Kipande kilinunuliwa na Gatera. Barabara ni nzuri, siwezi kusema uongo, hata wageni wanaisifu, na kila wakiisifu Jeanne ananitazama. Nimeapa sitapendekeza tena sheria ya kumkomesha mtu mmoja, na kama nikishikwa na kichaa nikapendekeza, nitakuwa nimeizunguka kwanza nyumba yetu kwa miguu yangu, pande zote, kona zote.