Wasichana Wakomee Hapa

Naitwa Hadda, na nakuomba usiniambie ni jina zuri. Hapa mjini kwetu Khenchela kila mtu anajua maana yake: mwisho, kikomo, basi. Hupewa msichana aliyezaliwa nyuma ya wasichana wengi, ili wasichana wakomee hapo na Mungu alete mvulana. Mimi nilikuwa wa tano. Mama alinisimulia kwamba baba alipoletewa habari alikuwa anamfunga punda mzigo, akasikia "msichana", akaendelea kufunga mzigo. Hakuingia ndani siku tatu. Bibi mzaa baba ndiye aliyenipa jina. Alisimama mlangoni akalitamka kwa sauti ya juu, kama anayemgombeza mtu wa nje.

Miezi kumi na minne baadaye akazaliwa mdogo wangu Boubaker. Ilikuwa wakati wa vita vya kumfukuza Mfaransa, chakula cha shida, lakini baba alichinja kondoo wawili, naye hakuwa na wa tatu. Kuanzia siku hiyo na mimi nikawa mtu. "Huyu ndiye aliyewafungia mlango," baba aliwaambia wageni, mkono wake kichwani kwangu. Wanawake wa mtaani waliozaa wasichana watupu walikuwa wakiniazima. Wakishika mimba wananipakata, wananipa tende, wananibembeleza. Nami nilizila tende zao. Mtoto anajua nini? Nilidhani nasifiwa mimi.

Sifa zenyewe ziliishia hapo. Shule nilisoma miaka mitatu, nikatolewa nimpikie na kumfulia Boubaker. Nikaolewa na Tahar, dereva wa lori la maji, mtu mpole wa watu, akafa mapema na kuniachia mtoto mmoja, Lazhar. Nikaenda kufua mashuka hospitalini, wodi ya wazazi, miaka ishirini na sita. Chumba cha kufulia kilipakana na ukumbi ambamo akina baba husubiri, kwa hiyo nilisikia yote. "Ni nini?" "Msichana." "Haya, alhamdulillahi." Hiyo "haya" naijua mimi. Ni ya mtu aliyeagiza kahawa akaletewa maji ya uvuguvugu.

Na majina niliyasikia. Nilipoanza kazi walikuwa akina Nadia na Samira. Wakaja akina Amel, wakaja akina Shaima, halafu hawa wa siku hizi, majina mepesi mdomoni kama pipi. Hadda hakuzaliwa hata mmoja. Siku moja nesi mmoja, binti mdogo tu, akaniuliza, "Hivi mama, hilo jina lako ni la kweli au wanakutania?"

"Wananitania," nikamwambia. "Mwaka wa arobaini na tano huu, na utani haujaisha."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikarudi kwenye mashuka yangu.

Sasa nikwambie kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu. Nilikuwa na tamaa moja. Kwetu msichana wa kwanza wa mtoto wako wa kiume hupewa jina lako, na mimi nilitaka hivyo kwa moyo wangu wote. Si kwa majivuno. Nilitaka apatikane Hadda mmoja, mmoja tu duniani, aliyepewa jina hili kwa sababu kuna mtu alimpenda mwenye jina. Aitwe ili aje, asiitwe ili akomeshe wengine. Nikipata hilo, nilijiambia, nimesamehe yote.

Lazhar ni fundi umeme. Mkewe, Nassima, ni mtoto mzuri, tunakaa nyumba moja na hatujawahi kununiana zaidi ya siku mbili. Alipojifungua mara ya kwanza, msichana, nilikaanga chenga za ngano kwa samli na asali, sufuria nzima, nikakaa mkao wa kuombwa ruhusa ya jina. Lazhar akaingia akaniambia wamemwita Ritaj.

"Ritaj ndiyo nini?"

"Ni jina la kisasa, Mama."

"Na la kwangu?"

Akacheka, mwanangu huyo, akanibusu kichwani. "Mama jamani! Hadda kwa mtoto wa leo? Atachekwa na darasa zima mpaka mwalimu. Unataka ajifiche chooni wakati wa kuita majina?"

Nikasema haya. Nilisema kama wale wa ukumbini. Miaka mitatu baadaye akaja wa pili, wakamwita Sidra, na safari hii sikuuliza. Nilipika, nikapiga vigelegele, nikalala mapema.

Wa tatu alizaliwa mwaka juzi, majira ya aprikoti. Msichana tena. Jioni Lazhar akaja jikoni amebeba boksi la keki, akavuta stuli, akakaa karibu yangu kama alivyokuwa akikaa akiwa mdogo na ana lake la kuomba.

"Mama, safari hii tumekubaliana. Ataitwa Hadda."

"Nani kakubaliana?"

"Mimi na Nassima. Jina lako, Mama. Limechelewa, utusamehe."

Wallahi nililia. Nililia kama mjinga, uso kwenye aproni, naye ananipapasa mgongo. Nikampigia simu Boubaker, nikampigia binamu yangu aliye Batna, nikatoka mpaka ngazini nikapiga vigelegele peke yangu. Jirani yetu Zohra akachungulia. "Kuna nini, umechumbiwa?" Nikamwambia, "Nimezaliwa!" Usiku ule nilipanga hata nitakavyomwita akiwa ndani ya nyumba: Haddouda, Haddouda wangu. Mimi mwenyewe sikuwahi kufupishiwa jina kwa mapenzi. Nani angembembeleza mtu kwa neno "basi"?

Siku ya tatu Zohra akaja na trei la mayai kumtazama mzazi. Akamfunua mtoto uso, akasema mashallah, kisha akamgeukia Nassima. "Mmefanya la maana kurudi kwenye dawa za wazee. Sasa kaka yake yuko njiani, wewe subiri tu."

Nilikuwa nimeshika birika. Nikamwangalia Nassima. Nassima akageukia ukutani.

Zohra alipoondoka nikafunga mlango. "Nassima, mwanangu, nitazame."

"Mama, si mimi." Tayari analia. "Mimi nilitaka aitwe Malak. Lazhar amesema hawezi kulea wasichana wanne. Amesema jina lako ndilo lililomleta mjomba Boubaker."

Nikatoka. Lazhar alikuwa mezani anakunywa kahawa, simu mkononi.

"Lazhar, zima hiyo simu. Miaka yote hii jina langu halimfai mtoto wa leo. Sasa limefaa lini?"

Akaelewa papo hapo. Hakuona haya hata kidogo, hilo ndilo lililonichoma. "Mama, usilichukulie vibaya. Tunakuheshimu, na hapohapo linatusaidia. Kuna ubaya gani?"

"Ataniuliza kwa nini anaitwa hivi. Nimwambieje?"

"Mwambie ulivyokuwa ukituambia sisi." Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe mwenyewe, Mama? Kondoo wawili, tende, wanawake kukupakata. Kila Idi ulitusimulia, unacheka. Sisi tulijua unajivunia."

Jamani. Ni kweli nilisimulia, kila Idi, mbele ya watu, na nilijivunia. Sikuwa na sifa nyingine ya kusimulia. Hakuna aliyewahi kuchinjia kondoo mashuka meupe. Mwanangu alikua akisikia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba kazi ya msichana anayeitwa Hadda ni kumletea mvulana nafasi, na akaamini kama nilivyomfundisha. Nimejilaumu kwa mengi maishani, lakini kwa hili najilaumu mpaka leo.

Siku ya tano ndiyo ya mwisho kuandikisha. Nikavaa, nikamfuata Lazhar mpaka ofisi ya manispaa. "Mama, rudi nyumbani, jua kali." Sikurudi. Tulisimama kwenye foleni. Karani, mzee mwenye miwani, akafungua kitabu chetu cha familia.

"Jina la mtoto?"

"Hadda," akasema Lazhar.

Karani akainua uso, akaniona. "La bibi yake? Mashallah! Siku hizi hawapatikani vijana kama hawa. Umezaa, mama."

"Usiandike," nikasema.

"Mama, watu," Lazhar akanong'ona.

"Nawaona watu. Mzee, jina ni langu na mimi niko hai, simpi mtu. Huyu halitaki kwa ajili yangu. Anataka mvulana, basi anambandika mtoto jina la kufukuza wasichana. Mwandike Malak, mama yake anataka Malak."

Nyuma yetu mwanamume mmoja akaguna, mwingine akacheka chini chini. Karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Dada yangu naye alipewa jina kwa sababu hiyohiyo," akasema taratibu. "Barkahoum. Yaani, wanatosha hao. Mungu amrehemu." Nikadhani nimepata mtu. Halafu akashika kalamu. "Lakini anayeandikisha ni baba, bibi. Mimi naandika anachosema baba. Bwana, unasemaje?"

Lazhar masikio yalikuwa mekundu. Hakunitazama.

"Nimeshasema."

Akaandika. Nilisimama nikaangalia kalamu mpaka ilipofika mwisho wa mstari.

Nyumbani sikulitamka. Mtoto nilimwita mwanangu, nilimwita roho yangu, nilimwita binti, na Nassima akanifuata, tukawa tunamwita chochote isipokuwa hilo. Na kila alfajiri, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba dua ambayo hakuna mwanamke kwetu ameiomba. Nilimwomba Mungu Nassima azae msichana. Msichana, na baada yake msichana, mpaka watu waone jina halina nguvu yoyote na wamwache mtoto awe mtoto tu.

Nassima amejifungua wiki iliyopita. Mvulana. Siku ya saba nyumba ilijaa watu, Boubaker alikuja na familia yake, nyama haikuwa na hesabu. Katikati ya sebule Lazhar akamnyakua binti yake kutoka kwenye zulia, akamrusha juu, akamdaka, akambusu shavu hili na shavu lile. "Huyu! Huyu ndiye aliyetuletea kaka yake!" Wageni wakapiga makofi. Tangu azaliwe sikuwahi kumwona akimbusu hivyo. Mtoto akacheka kwa furaha mpaka akapaliwa, anashika ndevu za baba yake, anataka arushwe tena.

Nikampokonya. Mbele ya wote, nikampokonya mikononi mwa baba yake, nikaingia naye jikoni, nikafunga mlango kwa mgongo. Alikuwa bado anacheka, anaelekeza kidole mlangoni.

"Usicheke, Hadda," nikamwambia. "Hakukubusu wewe."