Jina Langu Juu ya Wimbo wa Wafula

Nilikosea, na wa kulaumiwa ni mimi peke yangu. Niliiba wimbo wa rafiki yangu. Sijawahi kulisema jambo hili mbele ya mtu.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya themanini. Mimi na Wafula tuliimba katika kwaya ya vijana hapa Kibomet, Kitale. Hatukuwa na vyombo, ila ngoma moja na kayamba tulizotengeneza wenyewe. Wafula alikamua ng'ombe kwenye shamba moja upande wa Endebess, na nyimbo zilimjia akiwa kazini. Alisema maziwa yakigonga ndoo yanampa mwendo.

Jumamosi moja alinijia na wimbo mzima, maneno na sauti. Ulikuwa wa mtu aliyechoka na safari, akimwomba Mungu amfungulie lango. Yeye hakujua kuandika nota. Mimi nilijua kidogo zile za do-re-mi, basi akaimba, nami nikaandika.

Siku ya mazoezi, mwalimu wa kwaya aliishika ile karatasi akauliza, "Nani ametunga?"

Wafula hakuwepo, ng'ombe hawangoji. Wote wakaniangalia mimi, kwa sababu mwandiko ulikuwa wangu. Nikanyamaza. Mwalimu akaandika jina langu juu, akachapa nakala kwa stensili.

Wafula alipoiona alicheka. "Ati sasa wewe ndiye mtunzi?"

"Si ni karatasi tu, bana," nikamwambia. "Wimbo ni wa kwaya."

Aliniangalia kidogo. "Haya, Mtunzi. Tuimbe."

Tulienda kushindana Bungoma, wimbo ukashinda. Makanisa yakaanza kuniita nifundishe vijana wao, hadi Lugulu. Nikawa mwalimu wa kwaya, mtu wa kusalimiwa barabarani. Wafula akabaki na ndoo zake.

Nilipomwomba wimbo mwingine alinijibu, "Hawa ng'ombe wa siku hizi hawana nyimbo, Mtunzi."

Hakunipa tena. Sijui kama alitunga akaficha, au kama niliua kitu ndani yake.

Miaka michache baadaye aliugua kifua, akafa. Tulimzika kwao Bungoma, na kwaya ikaimba wimbo ule. Aliyeongoza shughuli akatangaza kwamba mtunzi ni mimi.

Baada ya mazishi mama yake alinijia, akanishika mikono yote miwili.

"Asante, mwanangu. Umemwimbia mtoto wangu vizuri. Hata kama yeye angejua kutunga, angesema hayo hayo."

Ningeweza kusema ukweli pale. Neno moja tu lingetosha. Nilisema, "Pole, mama."

Mama huyo yuko hai. Nakala ya wimbo ameiweka ndani ya Biblia yake, ikiwa na jina langu. Mara mbili nimefika stendi ya Kitale niende kumwambia, nikarudi nyumbani. Hata hapa ninapoandika nimeficha jina langu, na najua huo ni uoga.

Vijana mnaotunga nyimbo pamoja, nawaomba. Mwenzako akikupa wimbo, andika jina lake kabla ya nota ya kwanza. Ukiulizwa ni wa nani, jibu hapo hapo, yeye akiwa bado anaweza kusikia. Mimi nilingoja, na sasa aliyebaki wa kuambiwa ni mama anayedhani nilimpa mtoto wake zawadi.