Sadaka ya Masanja

Leo mwanangu ametoa sadaka ambayo jumuiya yetu haitaisahau.

Masanja ana miaka miwili na nusu. Poti nilimnunulia zamani, lakini kuikalia hataki kabisa. Anaivaa kichwani kama kofia ya baba yake ya mgodini, halafu anaenda kujisaidia nyuma ya pazia.

Mama mkwe amekuja kutoka Kharumwa, anatikisa kichwa tu. "Wanangu mimi sikuwafundisha kwa plastiki."

Sasa leo sala ya jumuiya ilikuwa kwangu. Sebule imejaa. Tumefika kwenye sadaka, tunaimba, watu wanainuka mmoja mmoja kuweka kwenye kikapu pale katikati. Masanja anawaangalia wote.

Mara simwoni.

Akarudi bila suruali, amekumbatia poti kwa mikono miwili, anatembea taratibu isimwagike.

Akaiweka kando ya kikapu.

Jamani, ilikuwa na kila kitu. Kubwa na ndogo!

Wimbo ukakatika. Nikajifunika uso kwa kitenge.

Nikasikia vigelegele. Nani? Mama mkwe! "Wabeja, mjukuu wangu, wabeja!" Hiyo ni asante ya Kisukuma, na mimi mwenyewe sijawahi kuipata kwake. Jumuiya nzima ikapiga makofi.

Wageni wameshaondoka. Sasa hivi nimemkuta kakaa kwenye poti mwenyewe, kakunja uso, ananiuliza, "Mama, watu wako wapi?"

Majirani wa Nyasubi, mliopo karibu rudini haraka. Mtoto anasubiri makofi.