Majani ya Kariakoo Hayafiki Baharini

Niliondoka Masasi kwa sababu mdogo wangu Hamisi alikufa na sikumzika. Masika yalikuwa yamekata barabara. Mvua zilipopungua nikafunga makopa ya muhogo kwenye gunia, nikaenda Dar es Salaam kwenye arobaini yake. Nilitaka pia kujua mtu mzima anauawaje na kijito cha mtaani kwake ambacho mtoto anakiruka.

Kwenye pantoni ya Rufiji tulisubiri tangu asubuhi. Majani makavu yalikuwa yamenaswa kwenye mizizi ya ukingoni. Kijito cha kwetu pia kina majani. Yanakwama kwenye mawe, kaa na wadudu wanayatafuna, na yanayobaki huwa matope meusi tunayoyachota kwa ajili ya bustani. Sikuwahi kuyaogopa.

Jioni nikafika Kariakoo. Zuhura, mjane wa Hamisi, alinipeleka bondeni, upande wa Jangwani, nikaone chumba chao. Ukuta wa nyuma haukuwapo. Alisema mvua ilipozidi, maji ya kijito yalirudi nyuma badala ya kwenda mbele, na ukuta ukamwangukia Hamisi alipokuwa akimtoa mtoto wao wa mwisho. Mtoto alipona.

"Na sasa mtakaa wapi?"

"Hapa hapa, shemeji. Fundi ataujenga. Niende wapi na watoto, na vuli inakuja?"

Siku ya hitima watu walikuja wengi, wakasoma, wakala. Pilau ilipokwisha, wanawake walikusanya maganda ya ndizi, majani ya kabichi na majani ya migomba waliyopangia vyakula. Wakayabeba matenga kwa matenga, wakayamwaga kijitoni. Kijito kile kile.

"Nyie! Mnamwaga wapi?"

"Mtaroni, kaka, kwani wapi?" mmoja akajibu, akawageukia wenzake. "Watu wa kuja bwana! Kwao taka wanazilalia."

Wakacheka, kwenye arobaini ya ndugu yangu. Mzee Salum, balozi wa nyumba kumi, akanishika bega.

"Tulia, ndugu. Maji yatayapeleka baharini. Hata siku za kujitolea tunafagia mtaa mzima, tunamalizia hapo hapo."

"Bahari iko wapi hapa? Nionyeshe!"

Akaliachia bega langu. Nikachukua jembe nikafuata maji. Wanaume watatu wakaja nyuma yangu, nadhani kwa aibu. Hatukwenda mbali. Kwenye karavati chini ya barabara majani yalikuwa yamejaa mpaka juu. Ya juu yalikuwa bado mabichi, yaliyofuata manjano, na chini kabisa lilikuwako tabaka jeusi lililoshikana kama mkeka, linanuka yai viza. Maji yalipenya mahali pasipotosha mkono. Kijito cha kwetu hulishwa na miti yake tu, majani machache kwa siku. Hiki kililishwa soko zima, na hakuna kaa wa kukisaidia.

Katika tope lile nikavuta furushi lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Majani ya kabichi ndani yake yalikuwa yameoza, kamba bado nzima. Fundo lilizungushwa mara mbili na ncha ikakunjwa ndani. Baba yetu alitufundisha kufunga kuni hivyo. Hamisi aliuza kabichi sokoni.

Nilimpelekea Zuhura. Hakugeuza uso.

"Kila jioni, shemeji, akitoka sokoni. Sote tulimwaga."

Nilitaka kulitupa furushi lile, nikakosa pa kulitupa.

Nilikataa kuondoka mpaka Mzee Salum atoe mahali pa kutupia taka. Akatoa uwanja wa nyuma ya nyumba yake, akinung'unika kwamba mgeni anamtawala. Tukachimba shimo, tukazibua karavati mpaka maji yakapita. Furushi la Hamisi nililiweka shimoni kwa mkono wangu. Zuhura akawaambia majirani kwamba atakayemwaga tena kijitoni, amwage kwanza juu ya kitanda cha wanawe.

Niliporudi Masasi waliniuliza Hamisi alikufa kwa nini. Wengi walingoja niseme ni kazi ya Mungu, wainamishe vichwa, yaishe. Nikawaambia ameuawa na majani, ya jirani zake na yake mwenyewe, na kwamba katika mtaa ule wote hakuna aliyetembea hatua chache kutazama yanakoishia. Hasira yangu haijaisha. Na Hamisi simtoi kwenye lawama hiyo, ingawa ninamlilia.