Viatu vya Gofu Ukweni

Nitawaeleza, lakini nichekeni sasa hivi mmalize kabisa, maana mkianza kucheka katikati nitanyamaza na hamtajua ilikwishaje. Mimi huyu mnayeniona, mtu mzima mwenye mvi, niliwahi kulala kifudifudi sebuleni kwa wakwe zangu, siku ya kwanza kabisa kuingia nyumba ile, nikiwa nimeshika pindo la liputa ya mama mkwe wangu. Liputa, ndiyo, kile kitambaa alichojifunga kiunoni. Wenye kujua desturi za bukwe kwetu wameshafunika uso. Hadi leo mke wangu akitaka kushinda ugomvi analitaja jambo lile tu, na mimi natoka nje kuangalia kuku.

Miaka ile mji ulikuwa bado unaitwa Élisabethville, na nilikuwa nafanya kazi kwenye klabu ya gofu ya wazungu. Sikuwa mchezaji (mweusi mchezaji, miaka ile, ungemtafuta wapi), wala sikuwa mtu wa kubeba mifuko ya fimbo. Nilikuwa wa vestiaire, chumba cha kubadilishia nguo, na sheria za mavazi za pale nilizijua kuliko Salamu Maria. Uwanjani mtu avae suruali ndefu, ama ile patalo ya gofu, pana, inayofungwa chini ya goti, na soksi ndefu za kuvuta mpaka juu. Kwenye chumba cha kulia, koti na kravati. Na viatu vya gofu, vile vyenye misumari chini ya soli ili mtu asiteleze kwenye majani, visivuke mlango kwa hali yoyote. Kazi yangu ilikuwa kusimama pale mlangoni na kusema kwa upole, "Monsieur, les souliers, s'il vous plaît," na bwana mkubwa mzima anakaa kwenye benchi anavua. Sisi wafanyakazi sheria yetu ilikuwa fupi: kapitula nyeupe, shati jeupe, miguu mitupu. Nilishinda katikati ya viatu vya watu, vyangu vikiwa nyumbani.

Basi nikampenda Yosefina. Baba yake, Papa Ilunga, alikuwa mashinisti wa treni, anaendesha mpaka Sakania na kurudi, na walikaa Makomeno kwenye nyumba za watu wa reli. Yeye wa kaskazini, mimi wa kaskazini, wote Wakatoliki, kwa hiyo upande huo hakukuwa na neno. Neno lilikuwa kazi yangu. Watu wakaniletea habari kwamba Papa Ilunga ameuliza mbele ya majirani, "Ule kijana wa kuchunga bilato bya bazungu, njo ule anataka mutoto yangu?" Hakutukana, ameuliza tu, lakini lile swali lilinichoma. Nikawa nalifikiria kila ninapopiga brashi viatu vya wenyewe, na nilikuwa napiga brashi viatu vingi.

Katika siku hizohizo mzungu mmoja wa klabu, injinia, alikuwa anarudi kwao Ulaya kabisa, na alipokuja kuchukua vitu vyake akaniachia mavazi yake yote ya gofu. Patalo pana ya mirabamiraba, soksi ndefu, na viatu vya rangi mbili, nyeupe na kahawia, misumari yake bado mizima. Vilinitosha utadhani nilipimwa mimi. Hapo akili yangu ikaanza kufanya kazi ambayo hakuna aliyeituma. Nikajiambia, kama pale klabu hata mkubwa anarudishwa asipovaa vile sheria inavyotaka, basi nguo hizi ndizo zenye heshima kuliko zote mjini, na Papa Ilunga akiniona nimezivaa hatauliza tena habari ya kuchunga viatu. (Kama nilijua kwamba vina misumari? Nilijua kuliko mtu yeyote Katanga nzima. Lakini miguu iliyozoea kukaa mitupu ikipata viatu vya rangi mbili, haitaki ushauri.)

Siku ya kwenda kujitambulisha, suruali yangu ndefu ya Misa ilikuwa imepigwa pasi, imening'inia ukutani, na viatu vyangu vyeusi viko chini yake. Niliviangalia, nikaviacha. Ndugu zangu, mkasa wote ulianzia hapo, mengine yalijifuata yenyewe.

Aliyenipeleka ni nonko wangu Dominiko, mdogo wake mama, maana huwezi kwenda ukweni bila mtu wa kukusemea. Aliponiona mlangoni alinizunguka mara moja, kisha akauliza.

"Gaspard, iyi patalo, mbona inakatikia ku magoti?"

"Nonko, ni ya golf. Bazungu bakubwa banavala ivi."

"Miye sijue mambo ya golf. Minajua bukwe. Ku bukwe muntu anafunika miguu."

"Miguu si iko mu soksi, nonko?"

Aliangalia soksi, akaangalia jua, akaona tutachelewa, akaninyamazia. Mpaka leo namlaumu kidogo kwa kuninyamazia.

Njiani, kwenye udongo, misumari ilikuwa inauma ardhi vizuri na mimi natembea kifua mbele, lakini tulipofika kwenye bomba la maji wanawake waliacha kuchota wakatuangalia tukipita, na mwanaume mmoja aliyekuwa juu ya baiskeli akapunguza mwendo akaniuliza kwa adabu kabisa, kama anayesema na kaka yake mkubwa, "Yaya, match iko saa ngapi?" Alidhani naenda kucheza mpira. Nonko akamjibu kwamba hakuna match, tunaenda kuoa, na yule bwana akaendelea na safari yake huku kichwa kimegeukia nyuma mpaka akakaribia kuingia mtaroni. Ningerudi pale pale. Nilikuwa na nafasi ya kurudi, suruali ndefu ilikuwa inanisubiri, lakini nilikuwa nimeshaona aibu ya kurudi kubwa kuliko aibu ya kwenda, ndivyo nilivyo.

Tukafika Makomeno. Sasa niwaeleze habari ya ile sebule. Sakafu yake ilikuwa ya sima nyekundu, yaani saruji, ile ya kupakwa nta na kusuguliwa mpaka uone taa ndani yake, na kwa ajili yetu Yosefina na mama yake walikuwa wameisugua tangu alfajiri. Nonko aliingia na viatu vyake vya ngozi, taratibu, salama. Mimi nikaweka mguu wa kwanza, misumari ikalia kwaa! Nikaweka wa pili, ukataka kwenda peke yake. Nikajaribu kutembea kwa ncha za vidole, ikawa mbaya zaidi, nikajishika kwenye kabati, nikajishika kwenye meza, na Papa Ilunga amekaa kwenye kiti chake anaangalia safari yangu hatua kwa hatua. Nilipokaa nikaona nyuma yangu mistari midogo myeupe juu ya ile sima nyekundu. Yeye alikuwa ameiona kabla yangu.

Nonko akatoa salamu zote zinazotakiwa. Papa Ilunga akaitikia, kisha akaniangalia chini ya magoti.

"Na iyi patalo," akasema, "tailleur alikosa kitambaa?"

Mkwe hajibu mwenyewe siku ya kwanza, anajibiwa. Nonko akajibu, "Papa, ni nguo ya klabu. Ya golf."

"Bazungu banavala ivi ku bukwe yabo?"

Nonko akanigeukia mimi. Mimi nikamnong'oneza, naye akasema, "Hapana, Papa. Banavala ku majani, inje."

"Bon. Mu iyi nyumba unaona majani?"

Nilitamani kuwa kazini.

Pengine hata hapo tungepona. Nonko ni mtu wa maneno matamu, alikuwa ameshaanza kuuliza habari za treni na Papa Ilunga ameshaanza kulegea. Lakini sheria ya bukwe kwetu ni hii: mkwe na mama mkwe wake hawaangaliani, hawasemezani, na kugusana ndiyo usitaje, mpaka mtoto wa kwanza azaliwe na watu wafanye karamu ya kufungua mdomo. Akitokea mahali ulipo, unampisha upesi, unageukia ukuta ama unatoka. Mama yake Yosefina alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, na jikoni hawakusikia kwamba tumekwisha kuingia ndani, walidhani bado tuko barazani. Akaja mwenyewe na bakuli la bukari, ugali wetu, limejaa mpaka juu na moshi unatoka, akasukuma mlango wa nyuma na kiwiko, akaingia.

Mimi nilifanya adabu. Nataka mkumbuke hilo hata msipokumbuka kingine. Niliruka kutoka kwenye kiti kama alivyonifundisha marehemu baba yangu, ili nigeukie ukuta nimpishe mama wa watu, na mguu wa kushoto ukaenda kwenye ukuta na wa kulia ukabaki na shughuli zake, misumari ikalia mbio mbio juu ya nta, nikashika hewa, nikashika hewa tena, nikaanguka juu ya mkono wangu wa kulia, nikateleza kwa tumbo mpaka mlangoni, na kitu cha kwanza kilichoingia mkononi mwangu nikakikamata. Kilikuwa liputa yake. Alikuwa ameifunga vizuri, Mungu asifiwe, haikufunguka. Na bukari hakuimwaga. Alikuwa ameliinua bakuli juu kwa mikono miwili na akabaki amesimama hivyo, nami chini ya miguu yake nimeshika pindo, naona aibu hata kuachia.

Hawezi kunisemesha, hawezi kunigusa, hawezi kunivuka. Akageuza uso kwenye ukuta, na kwa sauti ya kawaida kabisa akasema:

"We ukuta, ambia ule muntu aachilie liputa yangu."

Nikaachia. Yosefina, aliyekuwa nyuma yake na mchuzi wa kuku, alicheka kicheko kimoja kifupi halafu akaanza kulia, na kilio kile ndicho kilichonimaliza, maana nilielewa kwamba analia kwa sababu mambo yetu yamekwisha. Mama akaweka bakuli mezani bila kututazama, akatoka. Papa Ilunga akasimama.

"Nonko," akasema, "beba mutoto yako muende. Kumugusa mari-mukwe iko na amende, unajua. Mais ata mukileta amende, sijue kama nitaipokea."

Faini ikipokelewa, uchumba unaendelea. Ikikataliwa, ndiyo basi, msichana anatafutiwa mwingine. Nilikaa kwenye ile sima nikavua vile viatu, na soksi zenyewe zikaonyesha vidole viwili nje, na nikasema, najua sikutakiwa kusema lakini nikasema, "Papa, nilivala ivi juu nilisikia haya. Miye kweli minachunga bilato bya bazungu. Njo kazi yangu. Sikutaka muone muntu wa bure." Machozi yalikuwa karibu, siwadanganyi.

Papa Ilunga aliangalia viatu, akaangalia mistari kwenye sima yake. Kisha sauti ikatoka jikoni, kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtu anayesema na ukuta.

"Ukuta, ambia baba ya Yosefina bukari inapoa. Na umuambie tena, shiye benyewe tulipaka nta mingi ku sima. Ata yeye asubui alitaka kuanguka."

Nonko akakohoa kwenye kiganja chake. Papa Ilunga aligeuka akatazama upande wa jikoni. Halafu akavuta kiti.

"Yosefina," akasema, "leta mayi ya kunawa."

Mtu akikunawisha na kukulisha kwake, hakufukuzi tena. Tukala. Nilikula kwa mkono wa kulia kwa sababu hakuna mwingine wa kulia nao, na kila nikifinyanga tonge kiwiko kilikuwa kinawaka moto, lakini kulia kwa maumivu ukweni baada ya yote yale ningekuwa nimezidisha, kwa hiyo nikatabasamu, nikala kidogo, nikasema nimeshiba. Faini tulipeleka, ikapokelewa. Kwenye ndoa nilivaa suruali ndefu na viatu vyeusi, na tangu siku ile sijavaa nguo yoyote kwa sababu mtu fulani mkubwa anaivaa, na sitavaa. Viatu vile vya misumari nilivirudisha klabu, nikaviweka kwenye kona, na sikumwambia mtu ni vya nani.

Mama mkwe wangu alikaa bila kunisemesha mpaka alipozaliwa mtoto wetu wa kwanza. Siku ya karamu ya kufungua mdomo waliniketisha mbele yake, watu wamejaa, Yosefina amemshika mtoto, na kwa mara ya kwanza niliruhusiwa kumtazama usoni. Sasa kila mtu alikuwa anangoja, maana neno la kwanza la mama mkwe kwa mkwe wake halisahauliki, na wengine walikuwa wameshaanza kucheka kabla hajasema, wakijua atasema nini kuhusu ile siku. Hata mimi nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Alinitazama, kisha akanyoosha kidole kwenye mkono wangu wa kulia.

"Siku ile," akasema, "uliumia?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nonko hakuuliza, Yosefina hakuuliza, mimi mwenyewe sikusema.

"Bukari ilirudi ku jikoni mingi," akasema. "Nikajua mukono inauma. Mais nilikuwa sina njia ya kukuuliza."

Nikamwambia, "Ndiyo, mama, niliumia," na nikaanza kulia mbele ya ukoo mzima.